Mwanamke Waliyemwita Vuguvugu

Nkatha alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua. Ilikuwa sauti yake ya uuguzi, laini na ya chini, inayotua mwishoni mwa maneno kama shuka linapotandazwa kitandani. Kwa sauti hiyo aliwatuliza wakazi wa makao ya wazee kule Golden Valley, Minnesota, akawabembeleza wameze dawa, akamwambia bibi aliyepita miaka tisini kwamba ndiyo, mama yake yuko njiani anakuja. Kwa sauti hiyo hiyo aliongoza mazoezi ya kwaya kila Jumamosi alasiri, na watu walikuwa wakisema Nkatha hata akikukosoa unaona kama amekusifu.

Sauti ya pili ilisikiwa na gari lake tu. Asubuhi akitoka zamu, hewa bado ya buluu na moshi wa mabomba ya nyumba umesimama wima juu ya mapaa, alifunga mlango, akawasha hita, kisha akapiga kelele. Alibishana na watangazaji wa redio za nyumbani aliowasikiliza kwenye simu. Aliwajibu wanasiasa. Aliwakemea vijana wenye mawe na wazee wenye viti, mpaka kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi yake, ikambidi angoje uondoke ndipo aone njia. Halafu alifuta macho kwa ncha ya skafu, akaendesha kwenda nyumbani polepole kuliko magari yote barabarani.

Hayo yalianza mwaka wa 2017, mwaka ambao Kenya ilipiga kura ya urais mara mbili.

Kanisa lao lilikuwa mtaa wa Phillips, kusini mwa Minneapolis, katika jengo la matofali mekundu la Walutheri. Waliwapangisha saa za mchana, baada ya Wanorwe wachache waliobaki kumaliza ibada yao na kahawa yao. Wengi kanisani walikuwa Wakenya, wauguzi na watu wa ofisi, pamoja na familia kadhaa za Wakongo waliofuata Kiswahili popote kilipoimbwa. Kwaya ilikuwa fahari ya kanisa. Mezo na soprano walisimama kushoto, besi na tenori kulia, na katikati, mgongo kwa watu, alisimama Nkatha, mwanamke mfupi wa Meru, mikono yake ikipanda na kushuka kama anayekanda unga hewani.

Mkono wake wa kulia katika kwaya hiyo alikuwa Lynette, mwenyeji wa Kisumu. Walifika Minnesota msimu mmoja wa baridi, wangali wasichana, wakapanga chumba kimoja palepale Phillips. Walikuwa na koti moja zito, wakalivaa kwa zamu: mwenye kazi ya asubuhi alirudi mbio ili mwenye kazi ya jioni apate kutoka. Baadaye wote wawili waliolewa, wakajifungua, wakanunua nyumba. Lynette alihamia Woodbury, upande wa mashariki, kwenye nyumba mpya zinazofanana kiasi kwamba Nkatha alipotea kila alipomtembelea. Lakini hakukuwa na wiki waliyokosa kuongea.

Agosti matokeo yalipotangazwa, mume wa Nkatha, Harrison, alichinja mbuzi. Upande wa serikali ulikuwa wake tangu ujana, naye hakuona sababu ya kuficha. Nkatha alikula nyama, akaosha vyombo. Aliona kasoro katika namna kura zilivyojumlishwa, na alitaka kusikia korti itasema nini.

Siku korti ilipofuta matokeo, alirudi kutoka kazini akamkuta Harrison jikoni, mikono juu ya meza, chai imepoa mbele yake.

"Wamefuta kura yangu, Mama Kendi," Harrison alisema. "Nilisafiri mpaka nyumbani nikapanga laini. Watu wamekaa kwenye viti vyekundu wakaifuta."

"Hawakuifuta. Wamesema irudiwe vizuri."

"Wewe uko upande gani?"

Simu ikaita. Alikuwa Lynette, akipiga vigelegele hata salamu ikashindwa kupenya. Na Nkatha, bila kupanga, akapiga kigelegele pia. Kilimtoka tu. Hakikuwa cha upinzani, kilikuwa cha majaji waliosimama mbele ya nchi nzima wakasema hapana. Alikuwa akiililia siku kama hiyo ndani ya gari kwa miezi. Alipokata simu, Harrison alikuwa ameshatoka na chai imebaki mezani.

Oktoba ilipofika, zamu ikawa ya Lynette kukasirika. Upinzani uliamua kususia marudio. Lynette aliona hilo ni sawa kabisa, na aliona sawa pia vijana kufunga barabara ili sanduku la kura lisipite.

"Msisusie," Nkatha alimwambia. "Mmepewa na korti nafasi ambayo hakuna aliyewahi kupewa. Na hao vijana waambieni warudi nyumbani kabla mtoto wa mtu hajaumia."

"Tumepewa nafasi na watu walewale?"

"Lynette, nakusihi."

"Unanisihi na hiyo sauti yako ya kulaza wagonjwa." Lynette alivuta pumzi. "Unajua wewe ni nini? Wewe ni vuguvugu. Huna moto, huna baridi. Unakaa katikati ili usiguswe na mtu."

Wiki ileile Harrison, akibishana naye juu ya jambo la upande mwingine kabisa, akamwita neno hilohilo. Walimjia nalo kama watu waliokaa kikao. Kanisani neno hilo lina uzito wake. Hakuna Mkristo asiyejua kwamba katika Ufunuo vuguvugu hutapikwa.

Kazini Nkatha aliwaza neno lile akiwaogesha wazee. Kila asubuhi alipima maji kwa kiwiko. Ya moto yangebabua ngozi zao nyembamba kama karatasi, ya baridi yangewatetemesha mpaka meno ya bandia yagongane. Akaongeza moto kidogo, akapima tena. Kisha akajiona mjinga kwa kujitafutia utetezi ndani ya beseni.

Tangu hapo usingizi wake wa mchana ukawa na kina cha ajabu. Alifunga mapazia mazito, akalala huku theluji ya kwanza ikianguka nje bila sauti, na kila mara akaota kwaya. Walisimama mbele yake katika mavazi meupe, mahali pasipo na kuta wala mwisho, vinywa wazi. Aliinua mikono. Hakuna kilichosikika. Aliona koo zikitetemeka, mishipa ya shingo ya Sosthène, yule Mkongo wa besi, ikituna kama anapofikia noti ya chini, machozi kwenye mashavu ya Lynette, lakini ukimya ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa. Katika ndoto hiyo alijua kosa liko kwake, kwamba kuna kitu mikono yake haikufanya, ila hakuweza kukumbuka ni nini. Aliamka jua likiwa limeshatua, hajui kama ni jioni au alfajiri, akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza nyumba.

Halafu habari mbili zikaja kutoka Kisumu, karibu pamoja.

Ya kwanza ilikuwa ya Jotham, mtoto wa kaka yake Lynette, mvulana wa sekondari aliyependa kuchora magari. Alikuwa akivuka barabara na unga wa kupika nyumbani. Lori lililokuwa likikimbia mawe ya waandamanaji likapanda kingo za barabara likamkuta. Mguu mmoja ulisagika. Ya pili ilikuwa ya Dinah, binamu yake Harrison, aliyekuwa na duka la nafaka kwenye mji huohuo tangu zamani. Duka lilichomwa, yeye akakimbilia Nakuru na nguo alizovaa.

Lynette alizungumzia Jotham tu. Harrison alizungumzia Dinah tu. Nkatha aliwalilia wote wawili ndani ya gari, na siku hiyo hakuweza kuendesha kabisa. Alizima injini, akakaa kwenye maegesho mpaka wauguzi wa zamu ya mchana wakaanza kutoka kula.

Mwishoni mwa Novemba, rais alipoapishwa, watu wa upande wa Harrison waliomba Jumapili ya kushukuru. Watu wa upande wa Lynette, waliposikia, wakaomba Jumapili hiyohiyo iwe ya maombolezo. Pasta Timothy, mtu mwema ambaye jasho lilimtoka haraka, akampigia Nkatha simu.

"Dada Nkatha, wewe ndiye unayenifaa. Huna upande. Tufanye hivi: siasa tuiache mlangoni. Hakuna shukrani, hakuna maombolezo. Nichagulie nyimbo zisizomgusa mtu."

"Wimbo usiomgusa mtu ni wa kazi gani, Pasta?"

"Unanielewa."

Alimwelewa, na kumwelewa huko ndiko kulikomuudhi. Mpaka siku ile alidhani yeye na Pasta wako mahali pamoja. Sasa akaona Pasta hakuwa popote. Alikuwa amejitoa chumbani akafunga mlango. Nkatha alikuwa ndani ya chumba, kati ya watu, akipigwa viwiko kutoka pande zote, na hakuwa na nia ya kutoka.

Jumapili ilifika na mwanga wa ajabu. Theluji iliyolala kwenye kingo za madirisha ilirudisha jua juu, hivi kwamba dari la kanisa lilikuwa jeupe kuliko sakafu, na nyuso za watu zilionekana zikielea. Kwaya ilisimama ikiwa na pengo katikati, pana la kutosha kupitisha jeneza. Upande mmoja watu wa Harrison, upande wa pili watu wa Lynette. Sosthène na mkewe Pascasie, Wakongo kutoka Kivu, walisimama peke yao kwenye lile pengo kwa sababu hawakujua waende wapi.

Nkatha alipanda, akainua mikono. Akaishusha. Akageuka, akawatazama watu, jambo ambalo kiongozi wa kwaya halifanyi.

"Siwezi," alisema. Ilikuwa bado sauti ya kwanza. "Pasta ameniomba nyimbo zisizomgusa mtu. Nimetafuta. Sina."

Mtoto alidondosha kitu, kikaviringika chini ya mabenchi.

"Mnataka kushukuru," akawaambia upande wa mumewe, na hapo sauti ikapasuka, ikatoka ile nyingine, nene, yenye kukwaruza, na watu wakainua vichwa kutafuta ni nani aliyeingia. "Shukuruni! Lakini kwanza mtaje Jotham. Mguu wake uko wapi? Mkiweza kumshukuru Mungu huku mnamruka kijana barabarani, basi mnashukuru nini? Na nyinyi!" Alimgeukia Lynette, akamnyooshea kidole. "Mnataka kuomboleza. Ombolezeni! Lakini nani alirusha mawe yaliyolikimbiza lile lori? Nani alichoma duka la Dinah? Au Dinah si mtu kwa sababu ya lugha ya mama yake? Nimechoka! Mmenibandika jina kwamba mimi ni vuguvugu. Mimi naungua! Naungua kila asubuhi peke yangu kwenye gari kama mwenda wazimu, kwa ajili ya nchi ambayo nyinyi nyote mmeigawa nusu nusu, na kila mmoja analilia nusu yake. Mimi nataka yote. Mnasikia? Nataka yote!"

Alishuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje bila koti.

Hakuna aliyemfuata kumpongeza. Baadaye aliambiwa kwamba Lynette alitoka kwa mlango wa pembeni, na kwamba Harrison alibaki amekaa, uso chini. Nyumbani Harrison alihamia chumba cha chini, kwenye kochi, akawa anapanda kula na kushuka. Hakuwa mkatili. Alimwachia chai kwenye chupa kila asubuhi. Lakini alisema mara moja tu, akiwa ngazini, "Ulinianika mbele ya watu," na Nkatha alijua ni kweli alimwanika.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye mazoezi kama kawaida. Ukumbi ulikuwa na harufu ya kahawa ya Wanorwe na vyuma vya joto vilivyokuwa vikigongagonga ndani kwa ndani. Alipanga viti vyote. Waliokuja ni Sosthène na Pascasie tu.

"Bon, mama," Sosthène alisema, akivua glavu. "Siye tuko. Tuimbe tu."

"Kwaya ya watu watatu?"

"Tulishaimba wawili kwenye kambi ya wakimbizi. Watatu ni orchestre."

Pascasie alicheka, naye Nkatha akacheka, kisha kicheko kikamgeuka kuwa kilio. Alikaa akafunika uso. Sosthène aliketi viti viwili mbali naye, kama mtu anayejua kuacha nafasi.

"Nisikilize, mama. Kule kwetu kila kikundi kilikuwa na watu wake. Wale wa katikati, wenye walikuwa wanasema musiue huyu, musichome kwa yule, njo walikuwa wanauawa wa kwanza. Pande zote zilikuwa zinawatafuta. Ndugu yangu mkubwa alikuwa mmoja." Alikunja glavu moja ndani ya nyingine. "Kwa hiyo mutu akiniambia katikati ni pa watu waoga, minamwangalia tu."

Waliimba. Sauti tatu katika ukumbi ule mkubwa zilisikika kama watu walio ng'ambo ya bonde. Wiki baada ya wiki Nkatha alirudi, na wakati mwingine walikuwa wanne, mara moja saba. Theluji ilijaa hadi madirishani, na mji wote ukawa na sauti iliyozibwa, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka.

Januari, asubuhi moja baada ya zamu, badala ya kushika njia ya nyumbani, gari lilienda mashariki. Nkatha hakukumbuka kuamua. Alivuka mto Mississippi, mweupe ukingo hadi ukingo, akapita Saint Paul ikiwa imelala ndani ya mvuke wake, akajikuta Woodbury kati ya nyumba zile zinazofanana. Safari hii hakupotea. Lynette alikuwa nje akichota theluji kwa sepeto, peke yake. Mumewe alikuwa safarini.

Nkatha alishuka, akachukua sepeto la pili lililoegemea ukutani, akaanza upande wa pili.

Walichota mpaka wakakaribiana. Kisha Lynette akasema, bila kuinua kichwa, "Ulinionyesha kidole. Mbele ya kanisa. Mimi."

"Nilikuonyesha."

"Mtoto wa kaka yangu yuko hospitali, unaniuliza nani alirusha mawe!"

"Nilikuuliza kwa sababu ni mtoto wa kaka yako! Mimi Jotham nilimtumia kalamu za rangi. Unadhani silali nikimwona?"

"Kama unamwona, kwa nini huji upande wetu?"

"Kwa sababu upande wenu umempoteza Dinah!"

"Na upande wa mume wako?"

"Nao pia! Nao pia, Lynette! Nimewaambia nao pia, na sasa ninalala peke yangu!"

Walikuwa wanapiga kelele sasa, mvuke ukiwatoka vinywani, na theluji ilikuwa ikiruka kutoka kwenye masepeto bila mpango, nyingine ikirudi mahali ilipotolewa. Jirani Mzungu alifungua mlango, akawatazama, akafunga. Walibishana kuhusu kususia, na Nkatha hakurudi nyuma. Walibishana kuhusu polisi, na Lynette hakurudi nyuma. Walirudi mpaka mwaka wa koti moja, nani alichelewa kulileta, nani alipata mafua. Mwisho Lynette aliacha kuchota. Alisimama akiegemea sepeto, kope zake zimeganda nyeupe, akamtazama rafiki yake kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Sijawahi kukuona umekasirika," alisema. "Miaka yote hii. Harusi, misiba, uzazi. Nilidhani hujali. Nilidhani hiyo sauti ndiyo wewe."

"Hiyo sauti ni ya kazi."

"Ungenipigia kelele mapema. Aki ya nani, ningejua uko hai."

Hawakukubaliana juu ya lolote. Lynette alimwingiza ndani, akampa uji, na Nkatha akalala kwenye kochi mpaka watoto waliporudi kutoka shule. Jumamosi hiyo Lynette alikuja kwenye mazoezi. Alisimama mahali pake pa zamani, akaimba akiwa amenuna.

Machi, bila mtu kutegemea, wale wakubwa wawili wa Nairobi, rais na kiongozi wa upinzani, walitoka kwenye ofisi moja, wakapeana mikono mbele ya kamera, wakaitana ndugu.

Simu za Wakenya wa Minnesota zilifurika ujumbe. Watu waliokuwa hawasalimiani walipigiana, wakacheka kicheko cha aibu. Pasta Timothy aliandaa chakula cha mapatano siku ya Jumapili: pilau, chapati, kuku, keki yenye bendera. Kila mtu alimkumbatia Nkatha. "Ulituambia," walisema. "Wewe uliona mbele." Harrison alimjia na sahani aliyompakulia mwenyewe, uso wake laini kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

"Mama Kendi, nimekukosea. Ulichokitaka ndicho hiki kimetokea."

Nkatha aliitazama ile sahani. Alitafuta ndani yake furaha, akakuta moto uleule, umezidi.

"Sikutaka hiki, Baba Kendi."

"Wamepatana! Wamekutana katikati!"

"Wamekutana wao. Umewasikia wakimtaja nani? Jotham ametajwa? Dinah ametajwa? Mimi sikulilia wale wawili wapendane. Wale walikuwa wazima wakati wote." Hakupaza sauti safari hii, lakini haikuwa ile sauti ya kazini, na Harrison aliijua tofauti. "Ulimpigia Dinah simu lini?"

Harrison alifikiri. Aliweka sahani mezani. Kusema kweli, alikuwa amemzungumzia Dinah miezi yote, kwenye kila mabishano, na hakuwa amempigia hata mara moja.

Alimpigia palepale, akiwa amesimama kwenye korido ya kanisa karibu na makoti. Nkatha alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Harrison alisema pole. Akauliza anahitaji nini. Kisha akawa anasikiliza tu.

"Anataka kurudi Kisumu," alisema alipokata, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Anasema wateja wake ndio walioingia motoni kumtolea magunia. Majirani zake. Anasema amewakumbuka." Alikaa kwenye benchi chini ya makoti. "Sikujua hilo."

"Hatukuuliza," alisema Nkatha, akakaa karibu naye.

Lynette hakuja kwenye chakula kile. Alikuwa nyumbani, mapazia yamefungwa, kwa sababu kiongozi ambaye yeye Lynette alimtetea mpaka akakosana na rafiki alikuwa amevuka upande bila kumwambia. Nkatha alimpelekea chapati. Hakusema nilikuambia. Walikaa gizani mchana kweupe, wakala kwa mikono, na Lynette akalia kidogo, akacheka kidogo.

Pasaka kwaya iliimba ikiwa na watu kumi na mmoja. Haikurudi kuwa ilivyokuwa. Wengine walikuwa wameshahamia makanisa mengine na hawakurejea. Wimbo ulikuwa wa Nkatha mwenyewe, aliotunga ndani ya gari. Ulitaja Jotham na Dinah kwa majina, na baadhi ya watu walitoka nje ulipoanza. Nkatha aliwaona wakitoka. Mikono yake haikusimama. Ulipofika ubeti wa mwisho besi moja ya ziada ilijiunga kutoka mabenchi ya nyuma, si kwa ufundi mwingi, naye hakuhitaji kugeuka kujua ni mumewe.

Mwaka ule baridi ilikataa kuondoka. Theluji ilianguka nzito katikati ya Aprili, watu wakaanza kuongea na mbingu. Mwezi ulipokuwa ukiisha ndipo joto likaja, lote kwa pamoja, na asubuhi moja baada ya zamu Nkatha na Lynette wakakutana kando ya Ziwa Nokomis, wakiwa wamevaa sweta tu, wepesi kama watu waliopona.

Barafu ya ziwa ilikuwa imevunjika. Upepo uliisukuma kwenye ukingo, vipande virefu vyembamba kama vidole vya kioo, maelfu kwa maelfu, na kila wimbi lililopita chini yake liliifanya ilie. Ilikuwa sauti ndogo, safi, isiyokatika. Walisimama wakiisikiliza.

Lynette alitoa simu, akampigia Jotham. Kisumu ilikuwa jioni. Kijana alitokea kwenye kioo, magongo mawili yameegemea ukuta nyuma yake, uso umekonda na umeanza kuota ndevu. Aliwaonyesha mchoro wa gari, halafu akainamisha sikio.

"Shangazi, ni nini hicho kinalia?"

"Ni barafu inaondoka."

"Nipeleke karibu."

Lynette alisita, kwa kuwa mawe yalikuwa na utelezi. Nkatha ndiye aliyevua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akapiga kelele kwa baridi, kelele ya sauti yake nene iliyowaamsha bata wote wa upande ule wa ziwa. Alikuwa akicheka. Alinyoosha mkono kurudi nyuma, Lynette akampa simu, naye akainama akaishikilia juu ya maji, kimya, ili kijana asikie.